Siasa za Ngano na Ujenzi wa Reli ya Ghuba ya Hudson nchini Kanada, 1908–1931

Reli ya Ghuba ya Hudson, yenye urefu wa takribani kilomita 820 kutoka The Pas hadi Churchill, jimboni Manitoba, aghalabu huelezwa kuwa ushindi wa wahandisi dhidi ya baridi. Maelezo hayo huacha swali la msingi: kwa nini serikali ilijenga reli ya kuelekea bandari inayozingirwa na barafu kwa sehemu kubwa ya mwaka? Insha hii inadai kwamba jibu limo zaidi katika sanduku la kura kuliko katika hesabu za biashara.

Wakulima wa ngano wa magharibi walilalamikia nauli za kampuni ya Canadian Pacific na utawala wa kiuchumi wa miji ya mashariki. Njia ya kaskazini, iliyo fupi zaidi kufika Liverpool, ilionekana kuwa ukombozi. Wilfrid Laurier aliahidi kuijenga katika uchaguzi wa 1908. Robert Borden, aliyemshinda 1911, hakuthubutu kuitupa ahadi hiyo. Kati ya 1908 na 1910, Mkataba Namba 5 ulipanuliwa kuhusisha ardhi za kaskazini za Wakree na Wadene. Ukombozi wa mkulima ulianza, basi, kwa kumpunguzia mwenyeji mamlaka juu ya ardhi yake.

Mwaka 1912 Port Nelson ilichaguliwa kuwa bandari, ingawa mlango wa mto huo una kina kifupi na hujaa matope. Vita vya Kwanza vya Dunia vikasimamisha kazi. Siasa ndiyo iliyoifufua: baada ya uchaguzi wa 1925, serikali ya Mackenzie King ilitegemea kura za wabunge wa chama cha Progressive, na kukamilishwa kwa reli kukawa sehemu ya gharama ya kuungwa mkono. Mwaka 1927 mhandisi Frederick Palmer alipendekeza Churchill badala ya Port Nelson. Reli ilifika huko tarehe 29 Machi 1929, na shehena za kwanza za kibiashara za ngano zikasafirishwa 1931.

Wingi wa mizigo uliotarajiwa haukudumu. Hata hivyo, mafuriko ya 2017 yalipoikata njia hiyo, Churchill, mji usio na barabara ya kuufikia, ulikosa treni kwa zaidi ya mwaka mmoja. Reli iliyodaiwa kwa jina la wakulima wa mbali imekuwa tegemeo la wakazi wa kaskazini, ambao kura zao hazikuwa na uzito ilipoamuliwa.