Siri Hutunzwa kwa Dhahiri: Rai Juu ya Kujenga Maktaba ya Usimbaji kutoka Msimbo Chanzo

Mtaa wa Mbotela, ulioko upande wa mashariki wa Nairobi si mbali na Barabara ya Jogoo, una jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union (KAU) aliyeuawa mwezi wa Novemba 1952, mwana wa James Juma Mbotela aliyetunga Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934. Tarehe 24 Aprili 1954, katika msako ambao Waingereza waliuita Anvil, makao ya Waafrika katika jiji hilo yalizingirwa na askari, wakazi wakapangwa safu, hati zao zikakaguliwa moja moja, na watoa habari waliofunikwa magunia usoni wakatikisa vichwa kuamua nani aende zake na nani apakiwe lorini. Watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Ninaanza na habari hizi kwa sababu upande huu wa jiji una haki ya kuuliza, kuliko pande nyingi nyingine, ni nani anayeshika hati za mtu, anazisoma kwa idhini ya nani, na hukumu inayotokana na kusoma huko inaweza kuhojiwa wapi.

Leo hati za mkazi wa Mbotela hazikai mfukoni mwake peke yake. Pesa anazomtumia mamake mashambani kwa simu, majibu ya vipimo vya hospitali, matokeo ya mtihani wa mtoto, nambari ya kitambulisho na ya kodi, vyote hupita hewani na kwenye nyaya, na aghalabu hupita mikononi mwa watu asiowajua wala hatawajua. Kazi ya kuvisitiri hufanywa na maktaba za usimbaji fiche, yaani mikusanyo ya programu ambayo programu nyingine huitegemea kwa hisabati za siri na za sahihi. Na iliyo mashuhuri kupita zote ni OpenSSL, iliyotoka mara ya kwanza Desemba 1998 juu ya msingi uliowekwa na Eric Young na Tim Hudson huko Australia. Msimbo chanzo wake ni huria, na kila mwenye kutaka huusoma. Lakini uwazi usiosomwa haumnufaishi mtu. Rai ninayoitetea ni kwamba siri ya raia hulindwa au huvunjwa na maamuzi ya yule anayeijenga na kuisanidi maktaba hiyo, kwamba maamuzi hayo huandikika na kusomeka, na kwamba nchi isiyokuwa na watu wake wenyewe wa kuyafanya na kuyasoma imepewa ahadi tu, haijapewa ulinzi.

Msingi wa rai hii ni wa kale. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, akiandika juu ya usimbaji wa kijeshi, aliweka sharti kwamba mtambo wa siri uweze kuanguka mikononi mwa adui bila ya madhara, madhali ufunguo haujaanguka. Tangu hapo wataalamu wamekubaliana kwamba kuficha namna mtambo unavyofanya kazi ni dalili ya udhaifu. Kwa bahati mbaya ofisi zetu nyingi zimeshika kinyume chake: ukiuliza taarifa za wananchi zinasimbwa kwa toleo gani na kwa masharti gani, unajibiwa kwamba hilo ni jambo la usalama, na jibu hilo hutolewa kwa fahari.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Kijana wa Mbotela aliye na kompyuta ya mkononi ya mtumba hupakua furushi la msimbo, na kabla ya kulifungua hupiga hesabu ya alama yake ya SHA-256 akailinganisha na ile iliyotangazwa, kisha huthibitisha sahihi ya waliolitoa; hatua hii huchukua dakika chache, nayo ndiyo ambayo watu wenye haraka huiruka. Kisha huita Configure, hati iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, na hapo ndipo kila neno analoongeza huwa hukumu: maktaba ikae katika saraka gani, itafute usanidi wake wapi, ijengwe kwa itifaki zipi, na zipi zikatwe zisiwemo kabisa. Anapoita make, kompaila huanza kupitia mafaili ya lugha ya C, mistari ikishuka kwenye skrini huku feni ya kompyuta ikilia. Na ikiwa betri imechoka na tokeni za umeme zikaisha katikati, hakuna hasara kubwa, kwa maana make hutazama saa ya kila faili na kuendelea na yale yaliyobaki. Baada yake huja make test, ambayo huijaribu hisabati kwa majibu yanayojulikana tangu zamani, na mtu asiyeisubiri imalizike hana ithibati kwamba alichokijenga kinahesabu sawasawa. Mwisho, amri ya kuuliza toleo hutoa waraka mfupi wa dhahiri: tarehe ya kujengwa, machaguo aliyopewa kompaila, na saraka ambamo usanidi utasomwa. Waraka huo mtu anaweza kuuchapa, kuutia sahihi na kuuweka mbele ya hakimu.

Hapo hukutana na jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina elimu kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Maktaba aliyoijenga, akiisimika katika saraka yake mpya na kuielekeza kwenye tovuti yoyote, hukataa kuithibitisha, ikisema kwamba haimpati aliyeitolea tovuti hiyo cheti cha utambulisho. Haina kasoro. Saraka yake ya vyeti ni tupu, na maktaba tupu haimwamini mtu yeyote duniani. Mjenzi sasa hulazimika kufanya kwa mkono wake kile ambacho simu yake ilimfanyia kimyakimya siku aliyoinunua, nacho ni kuchagua mamlaka za vyeti ambazo neno lao litakubaliwa. Orodha za mamlaka hizo, ambazo ni nyingi na zimetawanyika katika nchi mbalimbali, hutungwa na Mozilla, Google, Apple na Microsoft, na mkazi wa Mbotela hakuulizwa kamwe. Sisemi kwamba orodha hizo ni mbaya. Zimetungwa kwa hadhari, na mamlaka zilizofanya hiana zimewahi kufutwa humo. Ninasema kwamba kumwamini mtu ni tendo, na tendo lina mtendaji; na kijana aliyewahi kuiona saraka ile tupu hawezi tena kudhani kwamba imani hiyo huja na chombo kama rangi yake.

Kuhusu machaguo ya kukata, historia ina ushahidi unaotuhusu moja kwa moja. Katika miaka ya 1990 sheria za Marekani zilizuia usimbaji madhubuti kuuzwa nje, hata ikawa programu zilizokusudiwa wageni hutolewa na funguo dhaifu kwa makusudi, za biti 40 kwa usimbaji na biti 512 kwa RSA. Wageni hao ndio sisi. Masharti yalilegezwa mwanzoni mwa mwaka 2000, lakini msimbo ule dhaifu haukuondoka pamoja nayo, ulibaki ndani ya maktaba kwa ajili ya kupatana na mashine za zamani. Na Machi 2015, katika shambulio lililoitwa FREAK, ikadhihirika kwamba mtu aliyekaa katikati ya njia aliweza kuilazimisha seva irudi kwenye funguo zile za wageni. Ikabidi ingojewe Machi 2016 ndipo OpenSSL, katika toleo la 1.0.2g, ilipozitoa simbo hizo katika ujenzi wa kawaida, hata asiyetaja kwamba anazitaka asizipate. Kwa miaka mingi iliyotangulia, mlango ulikuwa wazi kwa kila aliyepokea maktaba kama ilivyokuja, na ulikuwa umefungwa kwa aliyejua kuufunga wakati wa kusanidi. Tofauti kati ya wawili hao ilikuwa ni maneno machache ya usanidi.

Tukio la Heartbleed linasema hayo hayo kwa sauti kubwa zaidi. Kasoro hiyo ya OpenSSL, iliyotangazwa tarehe 7 Aprili 2014, ilimwezesha mwenye hila kuiomba seva imrudishie hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake kwa kila ombi, na katika kumbukumbu hiyo huenda mkawamo nywila za watu na hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Ilikuwamo katika matoleo ya 1.0.1 tangu Machi 2012, katika maktaba iliyotegemewa na sehemu kubwa ya intaneti ilhali ikitunzwa na mtu mmoja tu wa kazi ya kutwa. Tangazo la OpenSSL lilitoa njia mbili: kuhamia toleo la 1.0.1g, au, kwa asiyeweza kuhama mara moja, kuijenga upya maktaba yake kwa chaguo la OPENSSL_NO_HEARTBEATS, linalokitoa nje kipande kilichooza. Njia ya pili ilikuwa bure, na ilimfaa mwenye ujuzi wa kujenga peke yake. Asiyekuwa nao alingoja, na katika kungoja kwake taarifa za wengine zilikuwa hadharani.

Kuna pingamizi ambalo lina nguvu, na mwenye kulipuuza hajaifahamu kazi hii. Husemwa kwamba maktaba iliyojengwa kwa mkono husahauliwa: wasambazaji wa programu kama Debian hutuma marekebisho usiku na mchana, lakini ile iliyosimikwa na mtu mmoja ikabaki pembeni haipati rekebisho lolote, naye aliyeisimika akihama kazi hakuna anayejua kwamba ipo. Tena huweza kutokea kwamba programu, ikiwa na maktaba mbili mashineni, huichukua ile ya zamani bila ya kumwarifu mtu, na mwenyewe akalala akidhani amelindwa. Ndiyo maana mjenzi mwangalifu huita ldd kuona ni faili ipi hasa iliyoshikwa. Pingamizi hili ninalikubali kwa sehemu kubwa. Katika seva ya hospitali au ya benki, ikiwa hakuna watu wawili au watatu watakaoshika dhamana ya kuijenga upya kila lipatikanapo rekebisho, afadhali ichukuliwe ile ya msambazaji.

Lakini msambazaji naye ni binadamu. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, akiondoa onyo lililotolewa na chombo cha kukagua kumbukumbu, alifuta pamoja nalo chanzo cha unasibu cha OpenSSL, hata funguo zikawa zinategemea nambari ya mchakato peke yake, na kwa kila aina na urefu wa ufunguo zikabaki takriban 32,000 tu ambazo mtu angeweza kuzihesabu zote kwa muda mfupi. Hitilafu hiyo iliishi hadi Mei 2008, ilipogunduliwa na Luciano Bello. Waliojenga kutoka msimbo asilia wa OpenSSL hawakuguswa. Wala nisiifanye hoja hii kuwa nyepesi, kwa maana Machi 2024 Andres Freund aligundua katika xz, maktaba ya kubana data, mlango wa siri ambao hati yake ya kuuingiza ilikuwa ndani ya mafurushi yaliyotolewa rasmi, ilhali katika hazina ya msimbo iliyo mbele ya macho ya wote haikuwamo; hata aliyejenga kutoka furushi lile kwa namna wasambazaji kama Debian wanavyojenga angeupokea. Alilitambua jambo hilo kwa kushangaa kwamba kuingia katika mashine kumechelewa kwa nusu ya sekunde. Kwa hiyo kujenga hakumkingi mtu na kila hiana. Kunampa macho ya kuiona, na kunamzoesha kuuliza kwa nini kilicho furushini hakifanani na kilicho hazinani.

Kenya imekwisha kuonyeshwa uzito wa macho hayo mbele ya mahakama. Katika shauri la uchaguzi wa urais wa 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga iliiagiza tume ya uchaguzi iwaruhusu wataalamu waone seva zake na kueleza usanidi wake, na agizo hilo halikutimizwa ipasavyo. Tarehe 1 Septemba mahakama, kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya wawili, ikaubatilisha uchaguzi, na katika hukumu kamili ya 20 Septemba ikasema kwamba kukataa huko hakukuiachia njia ila kuyakubali madai ya waliolalamika. Sitoi hukumu hapa juu ya nani alishinda kura. Ninachokitazama ni kanuni: usanidi wa mashine ulihesabiwa kuwa ushahidi, na asiyeweza kuuonyesha akahesabiwa kuwa ameshindwa kujitetea.

Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, imeupa msingi wa kudumu mwelekeo huo. Kifungu cha 41 kinamtaka anayeshika taarifa za watu aujenge ulinzi tangu kuasisi mfumo, na kifungu cha 31 kinataka tathmini ya athari ifanywe pale ambapo hatari kwa haki za watu ni kubwa. Pendekezo langu ni dogo na linatekelezeka: tathmini hizo ziambatishwe ule waraka wa maktaba ya usimbaji, wenye toleo, machaguo ya ujenzi, alama ya SHA-256 ya furushi lililotumiwa, orodha ya mamlaka za vyeti zinazoaminiwa, na cheo cha afisa mwenye dhamana ya kujenga upya. Hakuna hata mstari mmoja wa waraka huo unaomsaidia mwizi, kama Kerckhoffs alivyokwisha kutufundisha, na kila mstari unamsaidia mkaguzi.

Watakaousoma waraka huo wapatikane wapi? Wapatikane kwa kufundishwa kujenga, na mafunzo hayo hayahitaji jengo jipya. Matawi ya maktaba ya McMillan yaliyoko Makadara na Kaloleni ni mwendo wa miguu kutoka Mbotela, vijana tayari huyajaza kwa masomo yao, na mashine za mtumba zinatosha kwa zoezi hili. Ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta wa vyuo vyetu asipewe cheti chake kabla ya kuijenga OpenSSL kutoka msimbo chanzo, kuikata itifaki moja na kueleza kwa maandishi kwa nini ameikata, kuijaza saraka ile tupu kwa mamlaka anazoweza kuzitetea, na kuijenga tena mwezi unaofuata litokapo rekebisho. Zoezi la mwisho ndilo gumu, na ndilo ningelipa alama nyingi.