Chumvi, Shura na Nitrati

Wakulima wa nchi yetu wamezoea kuziita mbolea za viwandani mbolea za chumvichumvi. Jina hilo lilizaliwa shambani, si kamatini: punje ni nyeupe na huyeyuka majini kama chumvi. Kituo cha Elimu Kibaha, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden na kukabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, kilikuwa na mafunzo ya wakulima pamoja na shule ya sekondari. Lugha ya shamba na lugha ya maabara zikawa jirani.

Ujirani huo una hatari yake. Tuchukue mwalimu wa Kibaha, au wa Minaki kule Kisarawe, anayefasiri maelekezo ya kutunza tangi la kioo la samaki wa baharini. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, nayo hujilimbikiza. Mwalimu akiandika “punguza chumvichumvi”, mwanafunzi atamimina maji baridi hadi chumvi ya bahari ipungue, na samaki watakufa. Linalotakiwa ni kuondoa sehemu ya maji na kurudisha maji mengine yasiyo na nitrati, yenye chumvi ileile, takriban gramu 35 kwa kila kilo moja. Robo ya maji ikibadilishwa, robo ya nitrati huondoka. Maji baridi huongezwa tu kufidia yaliyokwenda na mvuke, kwa kuwa mvuke hauchukui chumvi wala nitrati.

Lipo neno kongwe, shura, lenye asili ya Kiajemi, ambalo kamusi za zamani zimelihifadhi kwa maana ya chumvi ya kutengenezea baruti. Twalipenda neno hili, lakini hatuoni kuwa linafaa: shura ni nitrati ya potasiamu, yaani moja tu katika jamii kubwa. Basi tunabaki na nitrati, ingawa irabu moja tu ndiyo inayoitenga na nitriti, ambayo ni sumu kali zaidi kwa samaki. Wapiga chapa na wawe macho.

Wala jambo hili haliishii kwenye tangi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa. Anayedhani nitrati ni uchafu wa kawaida atawashauri wenye visima vifupi vilivyo karibu na vyoo wachemshe maji. Kuchemsha huua vijidudu. Nitrati hubaki yote, ndani ya maji machache zaidi.