Thamani ya Uchunguzi Mdogo katika Elimu

Katika mambo ya elimu, swali linaloulizwa kwanza juu ya uchunguzi wo wote ni swali la hesabu: watoto wangapi walipimwa, na shule ngapi zilitazamwa? Hesabu ikiwa kubwa, maneno ya mchunguzi husikilizwa. Ikiwa ndogo, husemwa kuwa hiyo ni hadithi ya darasa moja tu. Kipimo hiki ni chepesi, na kwa sababu ya wepesi wake kimependwa na wengi. Lakini historia haikukifuata. Ziko kazi zilizodumu ambazo zilianza kwa mtu mmoja au kwa madarasa mawili matatu. Na ziko kazi zilizopima mamia ya shule zikaleta matumaini ambayo hayakutimia. Kazi tatu, moja ya Ujerumani, moja ya Nigeria na moja ya Kenya, zatosha kuonyesha uchunguzi mdogo hupata wapi haki ya kusadikiwa, na haki hiyo hukoma wapi.

Kazi ya kwanza ni ya Hermann Ebbinghaus. Mwaka 1879 mtaalamu huyu alianza kuchunguza jinsi mwanadamu anavyokumbuka na kusahau, na mtu pekee aliyempima alikuwa yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana, zipatazo 2,300, ili maana ya maneno isimsaidie kukumbuka. Alijifunza orodha za silabi hizo mpaka akaweza kuzisema bila kosa, akaandika muda uliotumika. Kisha, baada ya kipindi alichokiweka, alijifunza orodha zile zile tena. Muda uliopunguka mara ya pili ulikuwa kipimo cha kile kilichobaki akilini. Baada ya dakika 20 akiba ya kazi yake ilikuwa kadiri ya 58 katika kila 100. Baada ya saa moja, 44. Baada ya mwezi, 21. Aliona kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni, halafu hupunguza mwendo. Alirudia sehemu ya majaribio hayo katika miaka ya 1883 na 1884, na kitabu chake kikatoka mwaka 1885.

Mtu mmoja ni hesabu ndogo kuliko zote. Hata hivyo walimu wa nchi nyingi wamejengea juu ya kazi hiyo desturi ya kurudia masomo mapema, kabla hayajapotea. Kilichoiokoa kazi ile isidharauliwe ni uwazi wake. Ebbinghaus aliandika kila hatua: urefu wa orodha, saa za siku, mwendo wa kusoma, na makosa yaliyoweza kumpotosha. Kwa hiyo mtu mwingine ye yote aliweza kumfuata nyayo kwa nyayo. Mwaka 2015 Jaap Murre na Joeri Dros wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walitangaza kwamba wameyarudia majaribio yale, nao pia kwa mtu mmoja tu, na mstari wa kusahau walioupata ulifanana sana na ule wa zamani. Miaka 130 ilikuwa imepita.

Mnunuzi wa nafaka huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje chache, akazitazama kiganjani. Hamwagi gunia zima chini, wala hasemi kwamba punje zile ni chache mno kumwambia kitu. Lakini mnunuzi mwenye busara ajua pia kwamba bambo limemwambia habari za gunia lile, wala halikumwambia habari za ghala. Akitaka kujua ghala, hana budi kuchoma magunia mengine, hasa yale yaliyotoka shamba jingine. Uchunguzi mdogo ni bambo la namna hiyo.

Kazi ya pili ilifanyika katika mji wa Ile-Ife, magharibi mwa Nigeria. Desturi ya shule za huko ilikuwa kumfundisha mtoto kwa Kiyoruba katika miaka mitatu ya kwanza, kisha kumhamishia katika Kiingereza kwa masomo yote. Watoto wengi waliishia darasa la sita, na wengi wao walitoka shuleni bila kuimiliki vizuri lugha yo yote kati ya hizo mbili kwa kusoma na kuandika. Mwezi wa Januari 1970 Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Ife, chini ya uongozi wa Profesa Babs Fafunwa, kilianza jaribio katika shule moja, St. Stephen's. Madarasa mawili yalifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka sita, na Kiingereza kikafundishwa kama somo na mwalimu aliyekijua barabara. Darasa la tatu liliifuata desturi ya kawaida, ili liwe kipimo cha kulinganisha.

Kazi haikuwa ya kupima tu. Vitabu vya hesabu na sayansi kwa Kiyoruba vilikuwa havitoshi, basi ilipasa viandikwe, na maneno ya elimu hizo yatafutwe au yaundwe. Baada ya miaka sita ilionekana kwamba watoto wa madarasa ya Kiyoruba waliwapita wenzao katika masomo, wala hawakuachwa nyuma katika Kiingereza chenyewe. Jambo hili la mwisho ndilo lililoshtua watu. Wazazi na wakubwa wa elimu walikuwa wameamini kwamba mtoto hawezi kukijua Kiingereza asipofundishwa kila kitu kwa Kiingereza tangu udogoni.

Wenye shaka walikuwa na hoja, na hoja zao hazikuwa za upuuzi. Walisema kwamba vitabu vilikuwa vipya, walimu walijua kuwa wanatazamwa, na mwalimu wa Kiingereza hakuwa wa kawaida. Basi nani ajuaye kama ni lugha iliyofanya kazi, au ni mambo hayo? Wachunguzi hawakujibu kwa maneno matupu. Waliongeza shule nyingine katika mpango wao, wakaendelea kulinganisha, na habari za kazi yao ya tangu 1970 hadi 1978 zikakusanywa katika kitabu kilichotolewa mwaka 1989.

Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Dai lisemalo kwamba jambo fulani haliwezekani kabisa huvunjwa na mfano mmoja wa kweli. Walioshikilia kwamba mtoto afundishwaye kwa lugha ya mama hawezi kukipata Kiingereza walijibiwa na madarasa mawili, na idadi hiyo ilitosha kwa kazi hiyo. Lakini dai lisemalo kwamba jambo litafanikiwa kila mahali ni dai jingine. Madarasa yale hayakuthibitisha kwamba mpango huo utafaulu pasipo vitabu, pasipo mwalimu hodari wa Kiingereza, au katika mji wenye watoto wa lugha kumi. Kwa wasomaji wa Kiswahili ubishi huu si mgeni. Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwishoni mwa miaka ya 1960, Kiingereza kilibaki katika shule za sekondari, na tangu hapo pande zote mbili zimekuwa zikitafuta ushahidi. Atafutaye ushahidi ni vema ajue kwanza ni dai la aina gani analotaka kulithibitisha au kulivunja.

Katika miaka ile ile Lawrence Stenhouse, aliyekuwa akifundisha Norwich, Uingereza, alikuwa akieleza wazo lililo karibu na hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 alifundisha kwamba mpango mpya wa masomo si amri ya kupokewa; ni pendekezo ambalo kila mwalimu yampasa alijaribu katika darasa lake, kwa utaratibu, na kuyaweka aliyoyaona mbele ya wenzake wayakosoe. Kwa maoni hayo, mwalimu wa darasa moja ndiye anayeamua kama maneno ya wachunguzi wakubwa yanasimama katika chumba chake.

Kazi ya tatu yaonyesha hatari ya kupuuza shauri hilo. Kenya ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003, na madarasa yakafurika. Mwaka 2005 jaribio lilianzishwa katika shule 210 za magharibi mwa nchi. Shule 140 zilichaguliwa kwa kura zikapewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada kwa mkataba, aliyechaguliwa na kamati ya shule yenyewe. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, walioisimamia kazi hiyo, waliona kwamba walimu wa mkataba walihudhuria zaidi na wanafunzi wao walipata alama nzuri zaidi. Hakuna aliyeweza kusema kwamba shule 210 ni chache.

Serikali ilipoazimia kuajiri walimu wa mkataba nchi nzima, Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu na wenzao walifanya jaribio jingine, mwaka 2010, katika shule 192 za mikoa yote minane ya wakati huo. Baadhi ya shule zilipata mwalimu kupitia shirika la World Vision, nyingine kupitia serikali, nyingine hazikupata. Mkataba ulikuwa wa namna moja. Chini ya shirika, alama za watoto zilipanda. Chini ya serikali, hazikupanda. Mishahara ilichelewa, usimamizi ulilegea, na mabishano ya chama cha walimu juu ya ajira yaliingia katikati. Mambo yaliyoamua matokeo yalikuwa ni nani anayelipa, analipa lini, na nani anayekwenda kutazama kama mwalimu yupo darasani. Hayo hayaonekani katika jumla ya shule, ingawa mtu aketiye katika shule tatu kwa muhula mmoja aweza kuyaona.

Basi imani ya uchunguzi, uwe mdogo au mkubwa, hutokana na kulinganisha dai na ushahidi wake, na kueleza waziwazi hali zilizoyazaa matokeo, ili mwingine aweze kuurudia mahali pengine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ebbinghaus alihitaji wa kumrudia, Ife ilihitaji shule nyingine, na jaribio la magharibi mwa Kenya lilihitaji mikoa mingine. Wizara inayoharakisha kutoka darasa moja hadi taifa zima huwatia watoto hatarini. Na chuo kinachoitupa kazi ya mwanafunzi kwa sababu imepima darasa moja tu hujinyima jicho. Mwalimu aliyechunguza watoto arobaini kwa uaminifu, akaandika alichofanya na mahali alipoishia, asione haya kuitangaza kazi yake. Ameyatazama kwa makini gunia moja, na wengine watajua waanzie wapi.