Masta ya Mawasiliano ya Mitindo: Unasomea Nini, na Uulize Nini Kabla Hujalipa

Kuna kozi ambayo ukiitaja nyumbani, swali la kwanza ni lile lile: "Kwa hiyo unaenda kusomea ushonaji?"

Hapana. Cherehani hutaigusa. Ni shahada ya uzamili, yaani masta, ya kukuza na kutangaza mitindo. Jina linabadilika chuo hadi chuo: mawasiliano ya mitindo, uandishi wa mitindo, picha za mitindo, ukuzaji na vyombo vya habari vya mitindo. Zote zinaandaa watu wanaolisemea vazi baada ya fundi kumaliza kazi yake.

Vijana wengi wa hapa Bongo na Nairobi wanaitamani, na wengine wako tayari kuuza kiwanja. Kabla hujafika huko, soma hii mpaka mwisho.

KWA UFUPI

• Muda: mwaka 1 hadi 2, inategemea nchi na chuo.
• Miji inayovuma: London, Milano, Firenze, Paris.
• Ada: London, kwa mwanafunzi wa kutoka nje, jiandae kwa zaidi ya pauni 20,000 bila kodi ya chumba.
• Sifa: shahada ya kwanza, cheti cha Kiingereza, na potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako.
• Njia nafuu: zipo. Tutafika.

UNASOMEA NINI HASA?

Gauni halijiuzi lenyewe. Lazima awepo wa kulipiga picha, wa kuliandikia, wa kulipeleka kwa wahariri, wa kuamua avae nani na siku gani, na wa kupokea simu mambo yakiharibika.

Masomo mengi yanaangukia kwenye makundi manne.

1. Uandishi. Uchambuzi wa onyesho, mahojiano, makala ndefu, taarifa kwa vyombo vya habari, na yale maneno mawili matatu yanayokaa chini ya picha mtandaoni. Hayo ya mwisho ndiyo magumu kuliko watu wanavyodhani.

2. Picha na video. Sio kubonyeza kamera tu. Unajifunza kuongoza kikao chote cha picha: wazo, mahali, mwanamitindo, mpambaji, nguo, bajeti, na nani analeta pasi ya kunyooshea.

3. Kampeni na uhusiano wa umma. Unapewa chapa ya nguo, bajeti na wiki chache. Unarudi na mpango: unaongea na nani, kupitia wapi, na utajuaje kama imefanya kazi.

4. Historia na nadharia. Nguo zinasema nini kuhusu jinsia, tabaka na rangi? Nani anafaidika? Hapa wengi wanakwama, sababu ni kusoma vitabu na kuandika kitaaluma.

Mwisho kuna mradi mkubwa. Masta nyingi za Uingereza zina krediti 180, na mara nyingi 60 kati ya hizo ni za mradi huo. Yaani theluthi nzima ya kozi ni kitu kimoja utakachokitengeneza: jarida, filamu fupi, kampeni au tasnifu. Ndicho utakachokionyesha ukianza kutafuta kazi, kwa hiyo anza kukiwaza mapema.

KOSA MOJA LINAVYOGHARIMU

Kama bado unaona haya ni mambo ya urembo tu, kumbuka Shanghai 2018.

Dolce & Gabbana walikuwa na onyesho kubwa jijini humo. Siku chache kabla, wakarusha video fupi za mwanamitindo Mchina akihangaika kula piza na vyakula vingine vya Kiitaliano kwa vijiti. China wakaona wamedharauliwa. Moto ukazidi baada ya kusambaa ujumbe wa matusi kuhusu China uliotoka kwenye akaunti ya Stefano Gabbana. Kampuni ikasema akaunti imedukuliwa.

Tarehe 21 Novemba, siku yenyewe ya onyesho, likafutwa. Maduka makubwa ya mtandaoni ya China yakaondoa bidhaa zao. Waanzilishi wakajirekodi wakiomba radhi.

Nguo hazikuwa na kosa lolote. Kilichoanguka ni mawasiliano. Darasani utaulizwa: nani aliziona video hizo kabla hazijatoka, na kwa nini hakusema kitu?

Kuna mfano wa karibu na kwetu. Mkusanyiko wa wanaume wa Louis Vuitton wa majira ya joto 2012, chini ya mbunifu Kim Jones, ulitumia miraba ya shuka la Kimasai. Ukiwa ofisa mawasiliano siku hiyo, unaandika nini? Unamtaja Mmasai kama "msukumo" tu, au kama mwenye mali? Sentensi moja ya taarifa yako inaweza kuamua nani analipwa na nani anabaki kupigiwa makofi.

INASOMWA WAPI?

London. Central Saint Martins, pale King's Cross, wana masta ya mawasiliano ya mitindo yenye mikondo ya uandishi, picha na uchambuzi. London College of Fashion nao wana kozi kadhaa za eneo hili, na tangu 2023 wako kwenye jengo jipya Stratford, mashariki mwa jiji. Vyote viwili viko chini ya University of the Arts London.

Milano. Istituto Marangoni ni shule binafsi iliyoanza 1935, na inatoa masta ya ukuzaji, mawasiliano na vyombo vya habari vya mitindo. Domenico Dolce na Franco Moschino walipita hapo.

Firenze kuna Polimoda. Paris kuna Institut Français de la Mode.

Kwa nini miji hii? Sababu wiki za mitindo zinafanyika mlangoni kwako. Mwanafunzi anaweza kujitolea nyuma ya jukwaa, kupanga viti, kubeba nguo na kuona jinsi taarifa inavyotoka dakika kumi baada ya onyesho kuisha. Hilo huwezi kulipata kwenye simu.

ITALIA: HAPA NDIPO WATU WANAPOPIGWA CHENGA

Soma kwa makini, maana sehemu hii peke yake inaweza kukuokoa.

Italia neno "Master" halimaanishi kile unachofikiria. Kuna vitu viwili tofauti.

Laurea Magistrale ni ya miaka 2, krediti 120. Hii ndiyo inayolingana na masta yetu, na inakuruhusu kuendelea na PhD.

Master di primo livello huwa ni mwaka 1, krediti 60. Ni mafunzo ya kitaaluma baada ya digrii. Ni mazuri kwa kazi, ila peke yake hayakufungulii mlango wa PhD kule Italia.

Halafu kuna shule binafsi zinazotoa cheti cha shule yenyewe tu. Kozi inaweza kuwa nzuri sana, lakini ukirudi na kutaka kufundisha chuo au kuajiriwa serikalini, swali litakuwa: nani anaitambua?

Tanzania, vyeti vya nje vinatambuliwa na TCU. Kenya kuna KNQA. Waulize wao kabla hujalipa ada, usisubiri mpaka urudi. Muulize na wakala pia: "Shahada hii inatolewa na chuo gani, na ni ya aina gani?" Akianza kuzunguka, kaa na hela yako.

TUONGEE HELA

Ukienda Uingereza, ada ni mwanzo tu. Viza inataka uonyeshe pesa ya kujikimu ya hadi miezi 9, na iwe imekaa benki siku 28 mfululizo. Kuazima kwa shangazi siku mbili kabla hakutasaidia.

Ukiwa masomoni unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, basi. Tangu Januari 2024, wanaosoma masta za darasani hawaruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto. Ukimaliza, kuna viza ya wahitimu ya miaka 2, lakini watakaoiomba kuanzia 1 Januari 2027 watapewa miezi 18.

Na kuna hili watu hawasemi. Sheria ya kima cha chini cha mshahara Uingereza haimbani mwajiri kumlipa mwanafunzi ambaye mafunzo yake kwa vitendo ni sehemu ya kozi na hayazidi mwaka. Usipange bajeti ukitegemea fildi itakulipia chumba.

NJIA NAFUU ZIPO

Chevening. Ni ufadhili kamili wa serikali ya Uingereza kwa masta ya mwaka mmoja. Wanataka uzoefu wa kazi wa miaka 2, sawa na saa 2,800, na ukimaliza unarudi kwenu kwa angalau miaka 2. Angalia muda wa kozi: kozi ikivuka miezi 12 haiingii, na kozi za sanaa nyingine ni ndefu hivyo.

Vyuo vya umma Italia. Ada inapangwa kwa kipato cha familia, hivyo inaweza kuwa ndogo sana ukilinganisha na shule binafsi. Kuna pia ufadhili wa mikoa, unaojulikana kama DSU. Politecnico di Milano, kwa mfano, wana Laurea Magistrale ya ubunifu wa mfumo mzima wa mitindo. Maombi ya awali ya wanafunzi wa nje yanapitia tovuti ya Universitaly.

Nyumbani. UDSM na SAUT wana masta za mawasiliano ya umma. Hakuna anayekuzuia kufanya tasnifu yako kuhusu mitindo. Kenyatta University wana idara ya ubunifu wa mitindo na masoko.

Mtandaoni. Jumba la makumbusho la MoMA la New York lina kozi ya mitindo kwenye Coursera. Haikupi shahada, ila itakuonyesha kama somo hili unalipenda kweli au unapenda nguo tu.

KWANI LAZIMA USOME?

Kiukweli, hapana. Anna Wintour, aliyeongoza Vogue ya Marekani kwa miongo zaidi ya mitatu, hana digrii ya chuo kikuu aliyoisomea. Edward Enninful, aliyezaliwa Ghana, alikuwa mkurugenzi wa mitindo wa jarida la i-D akiwa na miaka 18.

Lakini usikimbilie kusema shule haina maana. Hao waliingia wakiwa tayari London, karibu na wapiga picha, wahariri na studio. Wewe uliyeko Mbagala au Kisumu, masta inakununulia mambo matatu: muda wa kutengeneza kazi, watu wa kuiona, na ruhusa ya kuwa kwenye mji huo. Kipaji hauuziwi.

KAZI IPO HUKU?

Ipo, na pengo ni kubwa.

Swahili Fashion Week ilianza Dar es Salaam mwaka 2008, ikianzishwa na Mustafa Hassanali, ambaye kwa taaluma ni daktari. Nairobi, The Nest Collective walitoa kitabu cha mitindo mwaka 2017, Not African Enough, kuhusu wabunifu wa Kenya. Wabunifu wapo, majukwaa yapo.

Anayekosekana mara nyingi ni wa katikati. Mimi napokea mialiko na taarifa za mitindo kwenye WhatsApp. Picha zimebanwa mpaka huoni mshono. Hakuna jina la mpiga picha, hakuna bei, hakuna aina ya kitambaa, hakuna namba ya kupiga. Mbunifu amekesha miezi mitatu, halafu habari yake inakufa kwa sababu ya ujumbe wa dakika mbili.

Na hii sio elimu ngeni kwetu. Kanga ina pindo, mji na jina. Lile jina ni ujumbe unaotembea mtaani. Kanga za Mombasa za K.H.E. "Mali ya Abdulla" zimebeba utambulisho wa mtengenezaji kwenye kitambaa chenyewe. Hiyo ni chapa, ni tangazo na ni barua ya jirani kwa jirani, vyote kwenye doti moja. Ukitafuta mada ya tasnifu, anzia kabatini kwa mama.

Tatizo ni malipo. Bajeti za huku ni ndogo, na mkopo wa pauni elfu ishirini haulipiki kwa kupiga picha za mkusanyiko mmoja kwa mwaka. Ndiyo maana ushauri wa hapa ni huu: tengeneza kazi kwanza, halafu ombe shule ukiwa nayo mkononi. Chukua wabunifu watatu wa mtaani kwako, waandikie taarifa zao, ongoza vikao vyao vya picha, hifadhi kila kitu. Hiyo ndiyo potifolio, na ukiifanya kwa miaka 2 yenye kumbukumbu za kazi, ndio uzoefu ambao wafadhili wanauliza.

MASWALI 5 KABLA HUJALIPA

1. Shahada inatolewa na chuo gani, na TCU au KNQA wanasemaje?
2. Walimu wanafanya kazi gani nje ya darasa kwa sasa?
3. Naweza kuona miradi ya mwisho ya wahitimu wa mwaka jana?
4. Fildi inatafutwa na chuo au natafuta mwenyewe, na inalipwa?
5. Nisipopata kazi huko, mradi wangu wa mwisho utanisaidia nini nikirudi?

Yapeleke kwa barua pepe, usiulize kwa simu tu, ili majibu yabaki kwenye maandishi. Chuo kinachokujibu vizuri yote matano, endelea nacho. Kisichojibu hata namba moja, umeshaokoa kiwanja.