Majalada Yaliyozikwa Tabora

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na ambayo hupita Pugu, Soga na Ruvu, ilifika Tabora mwaka 1912, na miaka minne baadaye ikawa njia ya serikali yao iliyokuwa ikirudi nyuma katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia pamoja na majalada yake, yaani faili za utawala na madaftari ya umiliki wa ardhi. Dar es Salaam ilitekwa na Waingereza tarehe 4 Septemba 1916, Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji tarehe 19 mwezi huohuo, lakini sehemu kubwa ya nyaraka hizo ilikuwa imekwisha kuzikwa.

Kuzika huko kulikuwa uokoaji wa dharura, yaani kuondoa urithi wa maandishi katika hatari wakati hakuna nafasi ya kuchagua mahali pazuri. Udongo ni adui mkubwa wa karatasi: unyevu huzigandisha kurasa, wino huchuja, kuvu huanza kuota ndani ya siku mbili tatu, na mchwa hula jalada kuanzia ukingoni hadi ibaki mishono ya uzi tu. Waingereza waliyafukua majalada hayo mwaka 1921, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu mahali yalipozikwa palikuwa bado panajulikana. Siri hiyo ingepotea pamoja na walioijua, hakuna sanduku ambalo lingesaidia kitu.

Idara ya Nyaraka za Taifa ilianzishwa mwaka 1963, na mwishoni mwa muongo huo majalada ya Kijerumani yakapangwa upya, hata wanahistoria wa Tanganyika wakayategemea kwa kiasi ambacho ni vigumu kukipima. Hata hivyo, kilichookolewa ni kile ambacho watawala walikithamini: Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha wanaonekana humo zaidi kupitia kodi, kazi na kesi, huku maneno yao wenyewe yakiwa machache mno.

Kwa hiyo orodha ya kipaumbele, yaani mpangilio wa vitu vitakavyotolewa kwanza moto au mafuriko yakitokea, ni uamuzi kuhusu historia ya nani itakayobaki, na inafaa iandikwe wakati wa utulivu, iwataje wenye funguo, na iwekwe nakala nje ya jengo. Katika ofisi za vijiji vya bonde la Ruvu, ambako mto hufurika, mihtasari ya mikutano na daftari la mipaka ya ardhi vinastahili kuongoza orodha hiyo, kwa kuwa mara nyingi havina nakala nyingine popote.