Bima ya afya kwa wageni nchini Kenya: ya umma ni lazima, ya binafsi ni nyongeza

Raia wa Uganda, Burundi au Kongo anayehamia Kenya kwa kazi hukutana mapema na swali la bima ya afya: ajiunge na mfuko wa serikali, au anunue bima ya kampuni binafsi? Kwa mujibu wa sheria ya Kenya, swali hilo lina jibu lake tayari. Mgeni anayeishi nchini humo kwa zaidi ya miezi 12 anatakiwa kujiandikisha katika mfuko wa umma. Anayenuia kukaa chini ya miezi 12 anatakiwa kuwa na bima ya afya ya msafiri. Linalobaki kwa mkaazi kuamua ni kama anahitaji bima ya binafsi juu ya ile ya lazima.

Utaratibu huo unatokana na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, iliyotiwa saini na Rais William Ruto mwezi Oktoba mwaka huo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, ijulikanayo kwa kifupi kama SHA, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 na kuchukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na mchango hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Chini ya NHIF, mchango wa juu kabisa wa mwajiriwa ulikuwa shilingi 1,700. Sasa hakuna kikomo cha juu. Mwalimu anayelipwa shilingi 60,000 hukatwa 1,650, ilhali mhandisi anayelipwa 300,000 hukatwa 8,250. Asiye na ajira ya mshahara, kama mfanyabiashara wa sokoni, hupimwa kipato cha kaya yake na kulipa mchango wa mwaka mzima.

Malipo hayo humhudumia mwanachama, mwenzi wake na watoto wao. Wazazi wake hawamo. Matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya hugharimiwa na mfuko wa huduma za msingi, na kulazwa hospitalini hugharimiwa kwa viwango maalumu. Viwango vya mwanzo viliweka shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa kujifungua kwa upasuaji. Hospitali ya binafsi inayotoza zaidi ya kiwango huweza kumdai mgonjwa tofauti hiyo. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kuwa na bima si sawa na kutolipa chochote.

Bima ya binafsi huziba pengo hilo. Humwezesha mgonjwa kumwona daktari bingwa bila kupitia kituo cha chini, kulazwa chumba cha peke yake na kutibiwa katika hospitali kubwa za Nairobi au Mombasa. Baadhi ya mikataba huvuka mpaka na kugharimia matibabu katika nchi nyingine za Afrika Mashariki, jambo lenye uzito kwa mtu ambaye familia yake imebaki Kampala au Bujumbura.

Hata hivyo, bima ya binafsi ni mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kampuni huangalia umri na afya ya anayeomba. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ujauzito huweza kuwekewa muda wa kusubiri, kiwango kidogo cha malipo au ada kubwa zaidi. Mfuko wa umma haumkatai mtu kwa sababu ya ugonjwa alionao.

Hatari nyingine huwapata wenye bima inayolipiwa na mwajiri. Ajira ikikoma, kadi nayo hukoma, na aliyeugua katikati hujikuta akiomba bima mpya akiwa tayari na ugonjwa. Kwa hiyo mfanyakazi anayeacha kazi lakini akabaki Kenya hana budi kuendelea kuchangia SHA kwa jina lake mwenyewe, bila kungoja apate mwajiri mwingine.

Kabla ya kutia saini mkataba wa bima ya binafsi, kuna mambo manne ya kuuliza: kiwango cha juu cha malipo kwa mwaka, muda wa kusubiri kwa uzazi na kwa magonjwa ya awali, hospitali zinazopokea kadi hiyo, na kama matibabu ya nje ya Kenya yamo. Kwa upande wa SHA, la msingi ni kuhakikisha kwamba mwajiri anawasilisha makato kila mwezi na kwamba mwenzi na watoto wameandikishwa. Jina lisiloonekana katika mtambo wa hospitali humwacha mgonjwa mlangoni, hata kama mshahara umekatwa.

Majirani wengine wana taratibu zao. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2015, humtaka kila aliye nchini humo, raia au mgeni, awe na bima ya afya. Zanzibar ilianza Oktoba 2024 kuwatoza wageni wanaoitembelea dola 44 za bima ya lazima. Nchini Uganda, Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwaka 2021, lakini haukutiwa saini kuwa sheria. Kwa raia wengi wa Uganda wanaovuka mpaka wa Busia au Malaba kwenda kufanya kazi, makato ya SHA ndiyo bima ya umma ya kwanza maishani mwao. Kwa mwenye kipato kidogo au ugonjwa wa kudumu, hiyo ndiyo ngao ya kutunzwa kwanza. Ya binafsi hufuata pale mfuko unaporuhusu.