Waliorudi Mtwara kuifuata gesi

Ukiona kijana amerudi Mtwara kutoka Dar, usiharakishe kumwita mshamba aliyeshindwa maisha. Miaka ya 2011 na 2012 walirudi wengi tu, tena kifua mbele. Walishachoka kukimbizana na mgambo Kariakoo na kulala wanne chumba kimoja. Nyumbani gesi ilikuwa gumzo, meli za utafiti zilikuwa zinatia nanga bandarini, na kodi za nyumba Shangani zinapaa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982, ila sasa ndiyo ilionekana inakuja kweli.

Halafu likatangazwa bomba la kuipeleka Dar. Ndiyo, Dar ileile waliyoikimbia! Tarehe 27 Desemba 2012 watu wakaandamana kusema gesi haitoki. Mwaka uliofuata mambo yakaharibika: vurugu za Januari, kisha za tarehe 22 Mei, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma. Watu walikufa, nyumba zikachomwa, jeshi likaingia mitaani. Waandamanaji wakaitwa wabinafsi wasioijali nchi. Ni rahisi kusema hivyo kama hujawahi kuulizwa na mama yako, "Mwanangu, umerudi na nini?"

Wazee hawakushangaa sana. Mji wenyewe ulikuzwa na ahadi. Zamani mwenye jina pwani ile alikuwa Mikindani, bandari ya majahazi. Mwaka 1947 Waingereza wakaja na mradi wa karanga Nachingwea, wakajenga Mtwara bandari ya kina kirefu, na reli, na kupima barabara pana za mji mkubwa ambao ungekuja. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na miaka ya 60 ilipoanza reli nayo ikafa. Mikindani ilishanyang'anywa bandari, na Mtwara ikabaki na barabara pana kuliko magari yake.

Bomba likazinduliwa Oktoba 2015. Baadhi ya vijana walipata vibarua kiwanda cha saruji cha Dangote, wengine wakaingia kwenye bodaboda, wengine wakarudi kwenye mikorosho ya babu. Huko nako, Novemba 2018, Rais Magufuli akaagiza jeshi linunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo wakulima waliosubiri malipo yao kwa miezi.

Kuna waliopanda basi tena kwenda Dar. Waliobaki sasa wanayaangalia malori ya makaa ya mawe yakitoka Ruvuma kwenda bandarini, na habari mpya mjini ni makaa.